Jinsi ya kupanga ratiba ya matoleo makuu ya programu huria: mwongozo kamili kwa miradi midogo

Java 8, toleo la lugha ya kuandikia programu, ilitoka Machi 2014. Java 9 ikaja Septemba 2017, baada ya kuahirishwa mara kadhaa kwa sababu mfumo mpya wa moduli haukuwa tayari. Muda wote huo, kazi nyingine iliyokwisha kukamilika ilikaa ikisubiri kipengele kimoja. Kuanzia Java 10, Machi 2018, utaratibu ukabadilika: toleo jipya kila Machi na kila Septemba, na kilicho tayari ndicho kinachoingia. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, nayo ilikaa karibu miaka mitatu bila toleo jipya thabiti, kuanzia Julai 2002 hadi Juni 2005.

Stejini utakuta matatu inayosubiri ijae ndipo iondoke, na utakuta basi la saa mbili linaloondoka saa mbili hata likiwa na viti vitupu. Miradi mingi midogo huanza kama ile matatu: "tutatoa toleo la pili ripoti mpya zikiisha." Ripoti haziishi, wachangiaji hawajui kazi yao itawafikia watumiaji lini, na aliyekosa nafasi anang'ang'ania kuingia kwa sababu hajui safari nyingine ni lini. Mwongozo huu unahusu namna ya kuendesha basi la saa mbili: tarehe haisogei, yaliyomo ndiyo yanayosogea.

Mfano tutakaoufuata ni programu ya hesabu za ushirika wa maziwa. Imeandikwa kwa Django (kiunzi cha programu za wavuti cha lugha ya Python), inatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na inakaa kwenye kompyuta moja inayoendeshwa na mfumo wa Ubuntu katika ofisi ya ushirika, tuseme Molo, Njoro au Lugari nchini Kenya. Watunzaji ni watatu wanaojitolea: mmoja yuko Nakuru, mmoja Kisumu, mmoja Kakamega. Mradi wako ukiwa wa zahanati, shule au chama, badilisha miezi tu. Hesabu ni zilezile.

Hatua ya 1: Hesabu mikono kabla ya kuhesabu miezi

Swali ambalo watu hukimbilia ni "tutoe kila miezi mingapi?" Anza na jingine: ni matoleo mangapi yatakayokuwa hai kwa wakati mmoja? Toleo hai ni lile ambalo umeahidi kulirekebisha likipatikana na tundu la usalama au hitilafu inayoharibu data.

Kanuni yake ni fupi. Chukua muda wa usaidizi wa kila toleo, gawanya kwa muda ulio kati ya toleo na toleo. Ukitoa kila miezi 6 na kusaidia kila toleo kwa miezi 24, una matoleo manne hai. Ukitoa kila miezi 12 na usaidizi uleule, ni mawili. Python na PostgreSQL hutoa toleo kuu mara moja kwa mwaka na kulisaidia miaka 5, kwa hiyo hubeba matoleo matano kwa pamoja. Wana watu wa kutosha kuyabeba. Wewe una watatu.

Sasa igeuze hesabu hiyo kuwa saa. Tuseme kwa mwaka mnapata marekebisho 20 ambayo lazima yapelekwe kwenye matoleo ya zamani, na kila moja linachukua saa 2 kulipeleka kwenye tawi moja (nakala ya msimbo ya toleo moja hai) na kulijaribu. Kwa matawi manne ni saa 160 kwa mwaka. Kwa mawili ni 80. Watu watatu wanaotoa saa 3 kila wiki wana takriban saa 468 kwa mwaka. Matawi manne yanakula theluthi ya nguvu zenu zote hata kabla hamjaandika kipengele kimoja kipya, na hesabu hiyo haijagusa barua pepe wala simu za watumiaji.

Weka kikomo: kazi ya matoleo ya zamani isizidi moja ya tano ya saa mlizo nazo. Kwa timu ya watu wawili hadi wanne hiyo humaanisha matoleo mawili hai, na matatu kwa kipindi kifupi tu cha kupokezana.

Hatua ya 2: Jua watumiaji wako hupandisha toleo mara ngapi

Ratiba ya haraka kuliko watumiaji haiwapi vipengele vipya mapema. Inawaacha nyuma kwa matoleo mengi zaidi. Ofisi ya ushirika haina mtu wa kompyuta wa kudumu. Kuna karani, na kuna fundi anayeitwa kutoka mjini akipatikana na nauli ikilipwa. Mifumo ya rekodi za wagonjwa imeonyesha jambo hilo kwa muda mrefu katika eneo hili: OpenMRS ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na katika vituo vya afya kupandisha toleo mara nyingi huhitaji mtu aende kituo kwa kituo.

Namna ya kujua:

Fungua ripoti za hitilafu za mwaka uliopita uandike namba ya toleo iliyotajwa katika kila moja. Kama fomu yenu ya ripoti haiulizi toleo, ongeza swali hilo leo. Kisha piga simu ofisi kumi. Muulize karani asome namba iliyo chini ya skrini, na umuulize mara ya mwisho nani alipandisha na ilichukua muda gani. Simu kumi zitakufundisha mengi kuliko takwimu za upakuaji, kwa sababu fundi mmoja hupakua mara moja na kusambaza ofisi saba kwa flashi.

Ukitaka programu yenyewe itume namba ya toleo, iwe kwa hiari, izimwe mwanzoni, na itume namba tu, si majina ya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi mnaojitolea.

Ukikuta wengi wanapandisha mara moja kwa mwaka au pungufu, usijidanganye kwamba ratiba ya miezi sita itawaharakisha.

Hatua ya 3: Chagua urefu wa mzunguko

Miradi mikubwa imejaribu karibu kila urefu, na inafaa kujua kila mmoja unagharimu nini.

Rust, lugha ya kuandikia programu, hutoa kila wiki 6 tangu toleo 1.0 la Mei 2015. Linawezekana kwa sababu majaribio yake yanaendeshwa na mashine kwa upana mkubwa, na kwa sababu matoleo hayo hayavunji msimbo wa zamani. Mabadiliko mazito hukusanywa katika vitoleo vya miaka mitatu mitatu ambavyo mtu huingia kwa hiari. Kama huna majaribio ya mashine ya kiwango hicho, usiige.

Ubuntu na GNOME (mazingira ya skrini ya kompyuta) hutoa kila miezi 6. Ubuntu hupunguza mzigo kwa kuyasaidia matoleo ya kawaida miezi 9 tu, huku toleo moja kila miaka miwili, Aprili ya miaka shufwa, likipata usaidizi wa kawaida wa miaka 5. Taasisi nyingi hurukia hilo la muda mrefu na kuyaacha mengine. Kama nusu ya matoleo yako hakuna ofisi itakayoyagusa, jiulize kwa nini uyatoe.

Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, ilikuwa ikitoa mara nne kwa mwaka, na mwaka 2021 ikapunguza hadi tatu. Python ilikwenda upande wa pili, kutoka takriban miezi 18 hadi mwaka mmoja kuanzia 3.9 ya Oktoba 2020. Mzunguko ukiwa mrefu mno, mabadiliko hulundikana na kila toleo huwa zito kulijaribu.

Kwa programu ya ofisi yenye watunzaji wachache, ushauri wetu ni toleo kuu moja kila miezi 12, na matoleo madogo ya marekebisho kila miezi mitatu katikati yake. PostgreSQL hufanya hivyo: toleo kuu moja kwa mwaka, na matoleo ya marekebisho Februari, Mei, Agosti na Novemba. Toleo dogo lisibadilishe muundo wa hifadhidata wala mahali vitufe vilipo. Karani aliyefundishwa Oktoba akute skrini ileile mwezi Mei.

Maktaba ya msimbo inayotumiwa na watengenezaji programu wenzako ni kitu kingine. Hao hupandisha kwa amri moja na wana majaribio yao; miezi 6 au 8 kama Django inawafaa.

Hatua ya 4: Chagua mwezi, kisha siku

Hapa ndipo ratiba nyingi zilizonakiliwa kutoka nje huvunjika. Chora kalenda mbili, moja ya watumiaji na moja ya programu mnazotegemea.

Kalenda ya watumiaji kwanza. Juni mwaka wa fedha wa serikali na kaunti unafunga tarehe 30, na siku hiyohiyo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi za watu binafsi. Hakuna mhasibu atakayekusikiliza. Kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari ofisi ni tupu, na nyinyi wenyewe mko nyumbani kijijini. Ushirika ambao mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba lazima ufanye mkutano mkuu ndani ya miezi minne, kwa hiyo Januari hadi Aprili ni msimu wa ukaguzi wa hesabu. Kubadilisha programu ya hesabu mkaguzi akiwa mezani ni kumtafutia karani matatizo. Machi hadi Mei kuna mvua za masika, na radi ikipiga stima hupotea. Kwa shule, epuka wiki mbili za kwanza za kila muhula, pamoja na Novemba, mwezi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari.

Kalenda ya programu mnazotegemea: Python mpya hutoka Oktoba. PostgreSQL mpya hutoka Septemba au Oktoba. Ubuntu ya muda mrefu hutoka Aprili ya miaka shufwa, lakini walio kwenye ile iliyotangulia hawapewi njia ya kawaida ya kupanda hadi toleo lake la .1, ambalo huja karibu Agosti. Django ya muda mrefu hutoka Aprili ya miaka witiri: 4.2 mwaka 2023, 5.2 mwaka 2025, kila moja ikisaidiwa miaka mitatu.

Weka kalenda hizo juu ya nyingine na Septemba inajitokeza. Ubuntu au Django ya Aprili imekwisha kukaa miezi mitano na hitilafu zake za mwanzo zimeonekana. Python ya Oktoba iliyopita ina miezi kumi na moja. PostgreSQL inayotoka mwezi huohuo unaiacha hadi mwaka ujao. Usifunge toleo lako na kitu kilichozaliwa wiki hiyo.

Siku: Jumanne ya tatu ya Septemba. Jumanne kwa sababu Jumatatu karani ana foleni, na ukitoa Ijumaa hitilafu itaonekana Jumamosi mkiwa hampo. Jumanne inakuachia siku tatu za kazi. Ya tatu kwa sababu huangukia kati ya tarehe 15 na 21, baada ya malipo ya maziwa ya mwanzo wa mwezi na kabla ya kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Kwa zahanati angalia tarehe ya kuwasilisha ripoti za mwezi na uikwepe vilevile.

Uchaguzi mkuu. Kwa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Unaofuata ule wa 2022 ni tarehe 10 Agosti 2027. Toleo la Septemba 2027 lingekuwa na kipindi chote cha majaribio ndani ya kampeni na kura, watu wakisafiri kwenda kupiga kura na ofisi za kaunti zikibadilisha uongozi. Mwaka 2017 uchaguzi wa urais ulifutwa tarehe 1 Septemba na kurudiwa tarehe 26 Oktoba. Andika ubaguzi huo kwenye ratiba tangu sasa: mwaka wa uchaguzi, toleo kuu ni Jumanne ya tatu ya Novemba, yaani tarehe 16 Novemba 2027. Ubaguzi uliotangazwa miaka mapema ni sehemu ya ratiba. Ule unaotangazwa wiki mbili kabla ni kuchelewa.

Hatua ya 5: Rudi nyuma kutoka tarehe ya kutoa

Wiki kumi zinatosha kwa timu ndogo. Jumanne ya tatu ya Septemba 2026 ni tarehe 15, kwa hiyo mfano unakuwa hivi:

Wiki 10 kabla, 7 Julai: vipengele vipya vinafungiwa. Tawi la toleo linaanzishwa na toleo la kwanza la majaribio linatoka siku hiyohiyo.
Wiki 7 kabla, 28 Julai: toleo la pili la majaribio. Mabadiliko ya muundo wa hifadhidata yanafungiwa.
Wiki 6 kabla, 4 Agosti: maneno ya kwenye skrini yanafungiwa ili watafsiri wa Kiswahili, Dholuo, Kikalenjin na lugha nyingine wapate wiki mbili kamili.
Wiki 4 kabla, 18 Agosti: toleo tarajiwa la kwanza, yaani lile ambalo lingekuwa toleo lenyewe lisipoonekana na kasoro.
Wiki 2 kabla, 1 Septemba: toleo tarajiwa la pili. Kuanzia hapa kinachoingia ni marekebisho ya hitilafu zinazozuia tu.
Wiki 1 kabla, 8 Septemba: uamuzi wa kutoa au kusogeza.
15 Septemba: toleo.
29 Septemba: toleo la kwanza la marekebisho, liwe na hitilafu nyingi au chache.

Hilo la mwisho lipange mapema bila kuona haya. Watumiaji halisi huleta data ambayo hamkuijaribu, na fundi mwangalifu husubiri toleo la kwanza la marekebisho kabla ya kugusa kompyuta ya mteja. Akijua tarehe yake, anapanga safari.

Wiki nne za kwanza ndizo zinazopotea bure katika miradi mingi. Toleo la majaribio linatangazwa, hakuna anayelijaribu, na hitilafu zote zinaibuka siku ya toleo. Tafuta ofisi tatu zinazokubali kuendesha toleo la majaribio kwenye kompyuta ya pembeni, kwa nakala ya data yao wenyewe, wakilinganisha jumla za malipo ya Julai na zile za programu ya zamani. Shilingi moja ikitofautiana, mna kazi ya kufanya. Wape kitu: fundi wa bure siku ya toleo, au mafunzo ya karani. Ofisi hizo tatu ni muhimu kuliko majaribio mia yanayoandikwa na nyinyi wenyewe, kwa sababu hamwezi kuiwazia data ya mtu ambaye kwa miaka minne ameandika namba ya mwanachama mahali pa namba ya simu.

Hatua ya 6: Siku ya kufungia na namna ya kukataa

Wiki moja kabla ya tarehe ya kufungia, wachangiaji hukimbiza kazi mbichi ili wasiachwe. Hicho ndicho chanzo kikubwa cha matoleo mabovu yanayotoka kwa wakati. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kanuni kwamba kipengele kinachogusa pesa au hifadhidata kiwe kimekaa kwenye tawi kuu angalau wiki tatu kabla ya kufungia. Ya pili ni uhakika wa safari inayofuata: mchangiaji akijua tarehe ya toleo la mwakani imeandikwa na haijawahi kusogea, kungoja hakumuumi sana.

Teua msimamizi mmoja wa toleo. Si kamati. Yeye ndiye anayesema hapana, na jukumu lihame kwa mwingine kila toleo ili asichakae. Mpe orodha fupi ya yanayozuia toleo: data kupotea, kupandisha kushindwa, tundu la usalama, hesabu ya pesa kutoka vibaya. Mengine yote, hata yakiwa ya kuudhi, yanasubiri tarehe 29.

Kipengele kisichokamilika kiondolewe kwenye tawi la toleo kwa `git revert`, amri ya Git (chombo cha kutunza msimbo) inayotengua mabadiliko, au kifichwe nyuma ya swichi iliyozimwa kwenye mipangilio. Swichi ni nzuri kwa mambo ya skrini. Kwa mabadiliko ya hifadhidata haifai, kwa sababu safu mpya zitakuwa zimeingia tayari. Hayo yaondoe kabisa, na mapema.

Kusogeza tarehe kunaruhusiwa kwa sababu za kwenye ile orodha tu, kwa wiki moja moja, na kwa tangazo linalotaja hitilafu yenyewe. Ubuntu iliwahi kusogeza toleo la Aprili 2006 hadi Juni, ikatangaza mapema na kulipa namba mpya, 6.06, lililofuata likatoka Oktoba kama kawaida. Ukichelewa, usisogeze na la mwakani.

Hatua ya 7: Kupanda kutoka toleo la zamani, stima na bando

Amua na uandike: mtu anaruhusiwa kuruka matoleo mangapi? Debian haikubali kuruka toleo. Ubuntu inaruhusu kutoka toleo la muda mrefu hadi la muda mrefu linalofuata. Kwa ofisi zinazopanda mara moja kila miaka miwili, lazima njia ya kuruka toleo moja ifanye kazi. Hifadhi nakala ya hifadhidata ya mfano ya kila toleo kuu, ikiwa na data ya bandia ya wanachama 500 na miaka miwili ya maziwa, na kila usiku mashine ipandishe zote hadi toleo jipya.

Stima ikikatika katikati ya uhamishaji, yaani kubadilisha hifadhidata ya zamani ifuate muundo wa toleo jipya, je? PostgreSQL huweka mabadiliko mengi ya muundo ndani ya muamala mmoja: ama yanaingia yote au hakuna linaloingia. Django hutumia sifa hiyo kwa kila faili la uhamishaji, kwa hiyo ukirudia amri baada ya stima kurudi, kazi inaendelea pale ilipoishia. MySQL haifanyi hivyo kwa mabadiliko ya muundo; anayeitumia anaweza kubaki na hifadhidata iliyo nusu mpya, nusu ya zamani. Kwa vyovyote, programu ya kupandisha ianze kwa mambo matatu bila kumuuliza mtu: ikague kama diski ina nafasi huru mara mbili ya ukubwa wa hifadhidata, ichukue nakala kwa `pg_dump`, na ijaribu kuisoma nakala hiyo. Nakala isiyosomeka ni sawa na kukosa nakala.

Bando: toa kifurushi kimoja chenye vitegemezi vyote ili fundi apakue mara moja mjini. Kwa Python, `pip download -r requirements.txt -d vifurushi` hukusanya, na ofisini `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt` husakinisha bila intaneti. Fanya kazi ya kukusanya kwenye toleo lilelile la Python na aina ileile ya kompyuta, la sivyo vifurushi vitakataa. Weka alama ya SHA-256, ya kuhakikisha faili haijaharibika, kando yake na uandike ukubwa wa faili kwenye tangazo, kwa sababu fundi atauliza hilo kwanza.

Hatua ya 8: Namba

Kwa maktaba, fuata mtindo wa namba tatu: ya kwanza ikipanda, kuna kinachovunjika. Kwa programu ya ofisi, tumia mwaka: 2026.0, halafu 2026.1, 2026.2. Karani akisoma "2023" kwenye simu, wewe na yeye mnajua mara moja kwamba ni ya zamani. "4.7" haimwambii kitu.

Hatua ya 9: Andika ahadi

Ratiba isiyoandikwa iko kichwani mwa mtu mmoja. Weka ukurasa mmoja kwenye mradi, wenye maneno machache kama haya:

"Toleo kuu hutoka Jumanne ya tatu ya Septemba kila mwaka; mwaka wa uchaguzi mkuu, Jumanne ya tatu ya Novemba. Toleo kuu hupata marekebisho yote hadi toleo kuu linalofuata litoke. Baada ya hapo hupata marekebisho ya usalama, ya upotevu wa data na ya hesabu za pesa pekee, hadi miezi 3 baada ya toleo kuu la pili linalofuata. Kipengele kinachoondolewa hutangazwa katika toleo kuu moja na kuondolewa katika linalofuata, si kabla. Unaweza kupanda moja kwa moja kutoka toleo kuu lolote linalosaidiwa."

Hesabu: katika mwaka wa kawaida huo ni usaidizi wa miezi 27. Kwa muda mwingi mna matoleo mawili hai, na matatu kuanzia Septemba hadi Desemba tu. Miezi mitatu hiyo ndiyo nafasi ya ofisi zilizochelewa kutafuta nauli ya fundi. Chini ya maneno hayo weka jedwali la kila toleo na tarehe ya mwisho wake, kwa tarehe kamili. "Takriban mwisho wa mwaka" haimsaidii anayeandika bajeti.

Usiahidi miaka mitano kwa sababu Ubuntu imeahidi. Usaidizi uliositishwa njiani unaumiza kuliko mfupi uliotimizwa, kwani ofisi ilipanga pesa zake kwa neno lako.

Hatua ya 10: Siku ya kutoa

Toa saa nne asubuhi, watunzaji angalau wawili wakiwa mtandaoni hadi jioni. Weka lebo iliyotiwa saini, `git tag -s 2026.0`. Pakua kifurushi kutoka tovuti kama mgeni, kwenye kompyuta isiyo ya watunzaji, ukisakinishe mwanzo hadi mwisho kabla ya kutangaza. Kifurushi kilichosahau faili moja ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote siku hiyo. Ndipo utume tangazo: kilichobadilika kwa karani kwa lugha ya karani, kisha cha fundi, kisha toleo gani la zamani linafungwa na lini.

Marekebisho ya baadaye yaanzie tawi kuu, kisha yapelekwe matawi ya zamani kwa `git cherry-pick -x`, ambayo huandika yalikotoka. Ukirekebisha kwenye tawi la zamani kwanza, ipo siku utasahau kulipeleka kwenye jipya, na hitilafu iliyotibiwa 2026 itarudi 2027.

Hatua ya 11: Pima, na ubadilishe kwa utaratibu

Baada ya kila toleo andika namba tatu: siku mlizochelewa, hitilafu za dharura za wiki mbili za kwanza, na ofisi ngapi kati ya zile mnazozijua zimepanda ndani ya siku 90. Usibadilishe kitu kwa toleo moja. Ngoja mizunguko miwili.

Ofisi zikipanda polepole ilhali hitilafu ni chache, tatizo liko kwenye kazi ya kupandisha: rudi hatua ya 7. Hitilafu za dharura zikiwa nyingi, ongeza wiki kwenye majaribio kabla ya kugusa urefu wa mzunguko. Mkichelewa mara mbili mfululizo kwa sababu ya watu na si ya hitilafu, mmebeba kingi: punguzeni muda wa usaidizi wa matoleo yajayo, au mtoe kila miezi 18 na mkubali kwamba mwezi wa kutoa utapishana, Septemba kisha Machi, katikati ya ukaguzi na mvua. Miezi 24 ni rahisi kuipanga kuliko 18 kwa sababu mwezi unabaki uleule.

Mabadiliko yoyote ya ratiba yaanze na toleo ambalo bado halijaanza kutengenezwa. Matoleo yaliyokwisha kutoka yabaki na tarehe za mwisho zilizo kwenye jedwali, hata kama kanuni mpya ingezifupisha.